Mwaka Niliokimbia Migomba

Mwanangu Mize,

Kukuaga nitakuaga kesho kiwanja cha ndege, na kulia nitalia huko huko mbele za watu, kwa hiyo hapa naanza moja kwa moja. Ni Jumapili, saa saba mchana. Wewe umepanda treni kwenda Saint Paul kuwaaga wenzako. Mama yako yuko chumbani, analipima begi lako kwa mara ya nne kwenye mizani ya bafuni. Mimi nimekaa mezani jikoni na daftari lako la zamani la hesabu, ambalo lina kurasa tupu huku nyuma. Usishangae mwandiko. Mkono huu jana ulisukuma mashine ya kukatia majani tangu asubuhi mpaka jioni, na bado unatetemeka kana kwamba mashine imehamia ndani. Na skuli, unajua, niliishia kidato cha pili.

Sikuandikii habari za pasipoti, wala za sindano ya homa ya manjano, wala usinywe maji ya bomba. Hayo mama yako ameyasema mpaka hata mimi nimeyahifadhi. Mimi nina jambo moja tu. Nilitaka kukwambia jana usiku ulipokuwa unakunja nguo, nikashindwa.

Unakumbuka ulivyosema? Ulikuwa umepiga magoti juu ya begi ili lifunge, ukacheka, ukasema, "Baba, nikifika tu Makunduchi namwambia baba mkubwa Vuai kwamba siri yake naijua. Namwambia, Baba alikuchapa migomba mpaka ukakaa chini."

Nami nikacheka na wewe. Nikasema, "Mwambie, mwambie." Kisha nikaingia bafuni nikajitazama kwenye kioo.

Mize, sikumchapa. Sikupigana naye. Hata uwanjani sikuwepo.

Ngoja nieleze vizuri, maana habari za Mwaka nimekupa kwa vipande vipande ndani ya gari, wewe una vidude vyako masikioni na mimi natafuta njia ya kutokea. Kwetu Makunduchi mwaka hauanzi Januari. Unaanza mwezi wa saba, wakati wa kipupwe. Alfajiri watu wanakwenda pwani kukoga, ndiyo maana siku yenyewe ikaitwa Mwaka Kogwa. Kisha wanaume wa upande wa kusini na wanaume wa upande wa kaskazini wanakutana uwanjani, kila mmoja na bua lake la mgomba, wanapigana. Wanapigana kweli. Wengine wanavaa makoti mazito juani, wengine kofia za pikipiki, na nilipata kumwona mzee mmoja amejifunga mto kiunoni na sufuria kichwani. Ukiwa na kinyongo na mtu, siku hiyo ndiyo unamtafuta. Unamwita kwa jina lake mbele ya kila mtu, unampiga, anakupiga, bua linapasuka, na utomvu wa mgomba unawarukia wote wawili. Utomvu ule ukiingia kwenye nguo hautoki. Ufue kwa sabuni gani, doa linabaki, jeusi jeusi, mpaka nguo iwe tambara. Kwetu kila mwanamume ana shati moja la namna hiyo, na halifichi.

Wanawake wao wanasimama pembeni na kanga mpya, wanaimba. Hizo nyimbo ndizo zinazouma kuliko migomba. Wanakusema tumbo, wanakusema uvivu, wanakusema unavyokoroma, na mama mkwe wako ndiye anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu kuna kibanda cha makuti. Mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, anachomoka mbio kwa nyuma huku watu wanapiga mayowe, na wazee wanatazama moshi umeelekea wapi. Baada ya hapo vita vimekwisha. Aliyekupiga anakula sahani moja na wewe. Milango yote iko wazi, na nyumba isiyopata mgeni siku ile inanyong'onyea kama yenye msiba. Nilimwona bibi yako, huyo unayeitwa jina lake, ametoka mpaka njiani kumvuta mkono mtu asiyemjua, muuza mikeka kutoka Pemba, anamwambia, "Ingia baba, ingia, tusije tukauingia mwaka peke yetu." Mtu wa watu alikula mpaka akalala kwenye mikeka yake mwenyewe.

Sasa huku. Nilipofika Minnesota nilidhani watu hawa hawana sherehe, wana mauzo tu. Kila sikukuu naona karatasi za dukani. Mpaka Januari yangu ya kwanza, baridi ile inayosimamisha nywele za puani kama sindano, kampuni ikatutoa kwenye kusukuma theluji Saint Louis Park, ikatupeleka Saint Paul kupakua matofali ya barafu. Matofali makubwa kama friji. Nikauliza ya nini. Nikaambiwa, ya sherehe. Jioni ile nikaona watu wametoka majumbani kwao kwenye joto, na watoto mabegani, wamekuja kutazama barafu. Nikajiuliza, barafu si iko mlangoni kwao? Kumbe wamekuja kuitazama ilivyochongwa: tai, samaki, jumba zima lenye madirisha na taa ndani. Na hawalalamiki. Mtu machozi yamemganda kwenye kope anakwambia, "Usiku mzuri leo, sivyo?"

Iache barafu yenyewe, watazame watu wenyewe. Wana mfalme wao wa baridi, anapita kwenye gwaride na joho. Na wana watu wa moto waliovaa mavazi mekundu, wanazunguka juu ya gari kuukuu la zimamoto, wanawapaka watu masizi mashavuni, watu wazima wenye heshima zao. Siku ya mwisho watu wa moto wanamshinda mfalme wa baridi. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu katikati ya kundi. Nikasema, haya, kumbe na nyinyi mna kibanda chenu cha kuchoma.

Wewe walikupaka masizi una miaka sita. Ulikataa kunawa siku tatu, mpaka mwalimu wako akapiga simu kuuliza kama nyumbani kuna maji.

Miaka mingi nililinganisha sherehe hizi mbili ili ya kwetu ishinde. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, kwetu mlango unaachwa wazi, kwenu mtu anakutazama kwa tundu la mlango. Kwetu mtu akikasirika unajua, kwenu anatabasamu. Nilijiona nimesema kweli. Kumbe nilikuwa nalinganisha mlango wa mwezi wa saba na mlango wa mwezi wa kwanza. Huku ukiacha mlango wazi Januari, mabomba yanaganda na mtoto anaugua. Ukarimu wa watu wa huku ni kutoka: anakukuta gari limekwama kwenye theluji, hakujui, anashuka na koleo, anakuchimbua, anaondoka hata jina hajakupa. Bibi yako angemvuta mkono.

Lakini lile la kutabasamu ni kweli, na hapo ndipo anapoingia Dale.

Dale unamjua kama babu wa barafu, yule mnene wa Inver Grove Heights ambaye kila mwaka anakuletea kadi. Hujui kwamba mwaka wa kwanza tuliofanya kazi pamoja nilimharibia kazi yake. Alikuwa msimamizi wetu, na kwenye sherehe alikuwa pia mchongaji. Alichonga samaki mmoja mkubwa wa barafu, amesimama kwa mkia, mdomo juu, magamba yote yanaonekana. Alimchonga siku nne. Asubuhi ya tano nikafika mapema, nikaona njia inateleza, watu watakuja, wazee watavunjika viuno. Mimi kazi yangu majira yote ya baridi ni kumwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Nikachukua ndoo nikamwaga chumvi njia nzima, na nikamzunguka samaki pande zote, vizuri kabisa, bila kubakisha. Nilijisifu moyoni kwamba leo Dale ataona nina akili. Saa sita mchana mkia wa samaki ulikuwa umeliwa mpaka umebaki kama kijiti, na yule samaki akalala chini mbele ya darasa zima la watoto wa chekechea.

Dale alikuja, akatazama chumvi, akatazama ndoo, akanitazama mimi. Akasema, "Ni sawa tu. Hakuna tatizo." Akatabasamu.

Mimi mjinga nikaamini. Nilijua kwetu mtu uliyemuulia samaki wa siku nne angekuwa amekuita majina mpaka ya babu yako. Huyu katabasamu, basi yameisha. Ikanichukua miezi kuelewa kwamba ndiyo kwanza yameanza. Hakunipandisha tena kwenye pikapu yake. Nilipomsalimia alijibu vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Kila nilichokifanya kilikuwa sawa tu. Mwaka mzima, Mize, sawa tu, sawa tu.

Januari iliyofuata mama yako alikuwa na shifti, nikakuchukua wewe twende wote. Ulikuwa na miaka kumi, umevaa makoti mawili mpaka mikono haishuki. Tulikuwa nyuma ya hema, mimi na Dale, tunavisha mabomba yale mapovu marefu ya kijivu, mepesi kama sponji ya godoro, yasigande. Sijui nini kilinishika. Nilichoka tu. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kile, "Dale, wewe una hasira na mimi."

"Hapana, hapana. Mambo ni sawa."

"Kijijini kwetu tungekuwa tumeshapigana."

Akacheka kidogo. "Mnapigana?"

"Siku moja kwa mwaka. Kwa mashina ya migomba. Halafu tunakula."

Akaangalia theluji pande zote. "Hapa hakuna migomba."

Nami nikanyanyua povu la bomba.

Nilidhani nimepoteza kazi. Kisha akavua miwani, akaiweka juu ya sanduku la vifaa, akachukua povu lake, refu kuliko langu, akasema polepole, "Yule samaki nilimchonga kwa ajili ya mke wangu. Alikuwa anakuja kumwona saa saba." Na akanipiga la kichwa.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Wazee wawili, mmoja mweusi mmoja mwekundu kwa baridi, wanapigana mapovu kwenye theluji mpaka magotini. Anapiga anataja: "Hii ya chumvi! Hii ya mke wangu! Hii ya watoto wa chekechea!" Na mimi napiga: "Hii ya sawa tu! Na hii ya sawa tu!" Halafu nikasikia sauti pembeni. Wewe, mtoto ambaye nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kiingereza, umesimama juu ya lundo la theluji, unapiga makofi na glavu zako, unaimba:

"Dale ana tumbo, tumbo la ngoma,
Akipigwa kidogo, anapata homa!"

Sijui ulilitoa wapi. Ulinisikia siku moja tu nikieleza wanawake wanavyofanya. Dale akasimama, anahema, akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia. Akakaa chini kwenye theluji akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie tumbo ni kweli, homa ni uongo."

Siku ile tulikula kwao. Mkewe alitoa bakuli la viazi na jibini limefunikwa, bado la moto kutoka kwenye jiko, akatujazia sahani mara tatu. Hakusema neno la samaki. Aliponipa kahawa alisema, "Nilisikia alianguka vizuri." Basi.

Na ndipo, tunarudi, tunavuka daraja la mtoni, na wewe bado una theluji nyweleni, ukaniuliza, "Baba, na baba mkubwa Vuai? Naye mlipigana kwenye Mwaka?"

Nilikuwa na furaha. Nilikuwa shujaa wako kwa mara ya kwanza tangu masizi. Nikakwambia, "Tulipigana. Nilimchapa mpaka akakaa chini."

Miaka kumi nimeuacha uongo huo ukae. Ukausimulia skuli. Ukamsimulia mama yako, ambaye alinitazama tu. Ungeupeleka keshokutwa mpaka mezani kwa Vuai, ukauweka mbele yake pamoja na zawadi.

Sasa sikiliza ya kweli.

Nilipopata karatasi za kuja huku, bibi yako alikuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa wa kitandani, alikuwa anatembea, lakini pumzi ilikuwa fupi. Vuai alishaoa, amehamia upande wa kaskazini, kila siku anavuka kuja kumtazama. Siku niliyomwonyesha tiketi alisema, "Unamkimbia mama." Nikamwambia ana wivu. Akaniambia tena, polepole, "Unamkimbia mama, na hunitazami usoni ukisema." Tukaachana hivyo. Lilikuwa limebaki juma moja Mwaka ufike, na safari yangu ni siku mbili baada ya Mwaka. Kijiji kizima kilijua. Watoto walikuwa wananipigia kelele njiani, "Vuai anakuchagulia mgomba! Kachagua wenye maji!" Na kweli alikuwa anachagua. Mkewe alinipitia akacheka, akasema, "Shemeji, ule mikate ya kutosha, kaka yako amekula miwili asubuhi hii." Hakukuwa na chuki pale, Mize. Ndilo ninalotaka ujue. Alikuwa ananingoja tumalize.

Bibi yako alinishonea shati jeupe la kusafiria. Kola ngumu, vifungo vinne vya akiba ndani. Asubuhi ya Mwaka nililivaa nijitazame, nikawaza habari ya utomvu. Nikajiambia, mtu hapandi ndege na shati la utomvu. Nikajiambia, mimi sasa mtu wa Amerika, nipigane migomba kama mtoto? Watu wote wako pwani wanakoga. Nikachukua begi, nikatoka kwa njia ya nyuma ya makaburi mpaka barabarani, nikapata gari la mawe linakwenda mjini. Bibi yako alirudi kutoka pwani nywele zimelowa, akakuta kitanda changu kimetandikwa.

Niliambiwa baadaye. Vuai alisimama uwanjani. Aliita jina langu mara tatu, kama desturi ilivyo. Wanawake walikuwa wameshatunga wimbo wa kuniimbia, wakanyamaza. Watu wengine walipigana, wakamaliza, kibanda kikachomwa, yeye bado amesimama na bua lake, kavu, halina hata alama. Akalirudisha nyumbani.

Shati sikulitia doa. Bado ninalo, liko juu kabisa kabatini kwenye mfuko wa nailoni, na kila likitazamwa ni jeupe. Mwaka wa pili bibi yako akafariki. Sikwenda, karatasi hazikuruhusu. Vuai alinipigia simu akanipa habari kwa maneno manne. Ulipozaliwa wewe nikakupa jina lake, na Vuai aliposikia alisema, "Vizuri." Tangu hapo tunazungumza kila Idi. Hujambo, sijambo. Mvua? Zipo. Watoto? Wazima. Baridi? Ipo. Simu inakatika na mimi natazama ukuta. Vuai hakuzaliwa huku, theluji hajapata kuiona, lakini mimi ndiye niliyemfundisha kusema sawa tu.

Nilichokosea si kuondoka, mwanangu. Wewe nawe unaondoka, na mimi nafurahi mpaka naona haya. Mama yako amelia wiki nzima, mimi nimekata majani ya watu huku naimba. Binti yangu anakwenda kufundisha watoto skuli ile ile niliyoshindwa kuimaliza! Kuondoka si kosa. Kosa ni njia ya makaburini.

Nimeanza barua hii nikiwa na nia ya kukuomba kitu. Nilitaka nikupe maneno ya kumfikishia Vuai: kwamba baba anasema alikosea, kwamba baba anaomba radhi. Nilishayaandika kwenye karatasi nyingine, maneno mazuri, nimeyafuta mara tatu. Kisha nimeyasoma kwa sauti, nikajisikia. Mtu anamtuma mtoto wake akasimame uwanjani badala yake. Ni ile ile njia ya nyuma, ila safari hii namsukuma mwanangu mbele.

Ngoja kwanza.

*

Nimerudi. Mama yako kaniuliza nampigia nani simu Jumapili, nikamwambia kaa usikie.

Nimempigia Dale kwanza. Nimemwambia nataka wiki tatu mwezi wa saba. Mwezi wa saba, Mize, majani yanakua unayaona kwa macho, hakuna mtu anayeomba likizo. Akasema, "Kuna msiba?"

"Hapana. Kuna mtu ananingoja tupigane."

"Yule kaka?"

Sikumbuki hata lini nilimwambia. Nikasema, ndiyo, yule kaka.

"Amengoja muda gani?"

"Miaka ishirini na mbili."

Nikamsikia anamwambia mkewe jambo, mkewe akacheka huko nyuma. Akarudi. "Majani nitakata mwenyewe. Ukirudi bila alama nitakudai mimi."

Kisha nikampigia Vuai. Kule ilikuwa saa nne usiku. Mama yako amekaa karibu yangu, ameacha begi. Vuai akapokea akasema salaam, nikaitikia, akauliza baridi, nikasema hakuna, ni joto. Akauliza, mtoto anasafiri kesho? Nikasema anasafiri. Akasema chumba kiko tayari, mama mkubwa wake kapaka chokaa, kanunua na chandarua. Nikasema vizuri. Hapo ndipo kila mara tunapoagana. Akasema, "Haya basi."

Nikamwambia, "Kaka. Mwaka huu nipo uwanjani."

Nilisikia redio yake, na mtu anacheka mbali.

"Wewe?" akasema.

"Mimi. Uniite jina mara moja tu, nitakuwa nimesimama mbele yako."

Kisha nikamsikia anaondoa simu mdomoni, anamwita mkewe kwa sauti ile ya zamani, sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa tunagombania kitanda cha dirishani: "We! Njoo usikie! Huyu mtoro anasema anakuja!" Na mama yako mkubwa kwa mbali, "Nani? Yule wa shati?"

Wanalijua shati, Mize. Miaka yote hii wananiita yule wa shati.

Vuai akarudi kwenye simu. Alikuwa anapumua kama ametoka mbio. Akasema, "Nina umri wa miaka hamsini na tatu na goti moja bovu. Usinihurumie."

"Sikuhurumii."

"Mgomba nitachagua mimi."

"Chagua."

"Na lile shati uje nalo. Nataka kuliona jeupe kwanza."

Akakata. Hakusema haya basi.

Mama yako ameinuka hapa, amepanda kiti, amelishusha shati kabatini, sasa hivi analipiga pasi jikoni. Nimelijaribu, halinifungi. Vifungo viwili vya katikati havikutani kabisa. Anasema ataachia mishono ya ubavuni, na vile vifungo vya akiba vya bibi yako bado vipo, vyote vinne.

Kwa hiyo ukifika huna ujumbe wa kupeleka. Kula, lala, amkia wakubwa, na ule uongo wangu ukiulizwa useme baba alidanganya, naye anajua. Utanitangulia kama majuma matatu. Tumia majuma hayo vizuri. Wasikilize wanawake, ujifunze nyimbo zao, uulize ule wimbo walioutunga miaka ishirini na mbili iliyopita wakaunyamazia. Nina hakika mama yako mkubwa anaukumbuka. Nataka kuusikia.

Na siku yenyewe usije ukasimama upande wangu kwa kunionea huruma. Simama pale pembeni na kanga yako, na wenzako, uniimbie mimi. Anza na tumbo. La Dale sasa ni dogo kuliko langu.

Baba yako